Upande wa Ukutani

Jumanne, 9 Januari

Tabibu Ambilikile wa zahanati yetu ameniagiza niandike. Kila kizunguzungu kikinijia niweke tarehe, upande niliogeukia na muda kilichochukua. Alitaka kunionyesha jinsi ya kupiga mistari, nikamwambia nimefundisha darasa la tatu kwa miaka thelathini na minne, mistari naijua. Akacheka, akaniomba radhi. Ni kijana wa Mbeya, ana adabu, na anaongea na wazee kana kwamba kila mmoja ni mama yake mzazi.

Kwa hiyo mbele ya daftari kuna safu tatu za kwake. Huku nyuma naandika ya kwangu, na hatayaona.

Ilianza Ijumaa iliyopita alfajiri. Mvua ilipenya kwenye bati juu ya upande wangu wa kitanda, ikanidondokea shingoni. Nikasogea ukutani, alipokuwa analala mume wangu Leonardi. Sijapalalia tangu afariki Februari ya mwaka jana. Nikageukia kulia, uso ukatazama ukuta. Nikahesabu pumzi mbili, tatu, halafu nyumba ikaondoka. Ukuta ulikimbia, ukarudi ulipoanzia, ukakimbia tena, na mimi nimeshika ubao wa kitanda kwa mikono yote miwili. Katikati ya ule mzunguko nilisikia mtu akisema, "Nigeuze." Kisha kila kitu kikasimama, nikatapikia kwenye beseni la kunawia. Haikufika dakika moja.

Leo tabibu ameniuliza ni upande gani. Nimesema kushoto. Ni kulia. Alikuwa amekwisha kunieleza kwamba tiba yake ni kumlaza mtu kwenye upande mbaya na kumwacha hapohapo mpaka kizunguzungu kiishe, ndipo aanze kumgeuza. Mimi siko tayari kulazwa upande ule nikisubiri. Nimemdanganya mtu anayetaka kunisaidia, na kwenye safu yake nimeandika "kushoto" kwa mwandiko mzuri kabisa.

Jumatano, 10 Januari

Mvua kutwa. Sikugeuka. Hakuna.

Alhamisi, 11 Januari

Nilitazama juu nichukue ungo uliotundikwa jikoni, nyumba ikaenda. Nikakaa chini palepale kwenye majivu. Sauti sikuisikia. Nilikaa nikiisikiliza, na hilo ndilo limenitia hofu zaidi.

Jumapili, 14 Januari

Wakati wa kukomunika niliinamisha kichwa, nikayumba, nikamshika Mzee Benjamini bega. Kanisa zima limeona. Wifi yangu Fransiska, dada yake Leonardi, alikuwa kwenye benchi la kina mama upande wa pili. Alinitazama vile anavyonitazama tangu mazishi, kama mtu anayetaka kusema neno na analitafuna kwanza. Nyumba yake na yangu zimetenganishwa na ua wa michongoma na kinjia kimoja, lakini kwa mwaka mzima amekuwa akipita mlangoni kwangu bila kuingia. Nimeamua zamani kwamba ananilaumu. Sijui anajua nini.

Nje ya kanisa alinisogelea akasema marehemu akiwa na jambo hatulii, na kwamba Misa ya mwaka isichelewe. Nikamjibu kwamba kalenda ninayo nyumbani. Nilimjibu vibaya, lakini hata yeye hakuuliza hali yangu.

Sasa niandike, maana hakuna mwingine wa kumwambia.

Leonardi alipigwa na kiharusi, upande mzima wa kulia ukafa. Alibaki na mkono mmoja na maneno machache. Muuguzi alituagiza tumgeuze kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda. Nilimgeuza kwa miezi saba. Nilitundika saa ya ukutani mbele ya kitanda, nikaitii kuliko nilivyowahi kuitii kengele ya shule. Fransiska alisaidia siku za mwanzo, kisha mgongo wake ukakataa.

Tarehe 21 Februari, saa nane mchana, nilikuwa nimemgeuza nusu saa nyuma, uso ukutani. Nikachukua jembe. Akasema, "Luciana, nigeuze." Nikamwambia nimekugeuza sasa hivi, subiri nikirudi. Akasema tena. Nilitoka.

Shamba liko nyuma ya nyumba. Ilikuwa wakati kama huu, majani yamekua, udongo umelowa, na ntumba hazingojei mtu. Unakata gamba la udongo na majani yake, unalipindua majani yaingie ndani, unaliweka juu ya jingine mpaka litokee tuta la mviringo, na majani yanaozea humo yawe mbolea ya ulezi wa mwaka unaofuata. Nilipanga mstari mmoja. Nikamaliza, nikaanza wa pili. Nilikuwa na hasira na nilijisikia vizuri nikiwa mbali na kile chumba. Huo ndio ukweli. Nilirudi saa kumi na moja, uso wake bado uko ukutani, na alikuwa ameshapoa.

Watu nimewaambia alifia usingizini nikiwa nimekaa pembeni yake. Mwanangu Clemens hulirudia hilo kila tunapoongea, kwamba anamshukuru Mungu mama alikuwepo.

Jumatano, 17 Januari

Tiba ya kwanza. Tabibu alinikalisha kwenye kitanda cha kupimia, akanieleza tena taratibu. Ndani ya sikio mna vijiwe vidogo sana, vidogo kuliko punje ya ulezi, ambavyo vinatusaidia kujua juu na chini. Umri ukienda, au mtu akigonga kichwa, vinabanduka na kuingia kwenye mfereji usio wao. Ukigeuka vinabingirika, na sikio linauambia ubongo kwamba dunia nzima inazunguka. Hakuna dawa ya kumeza ya kuvitoa. Unageuzwa tu kwa mpangilio mpaka vidondokee pale vilipotoka.

Nikamuuliza kama vijiwe hivyo vinaongea. Alidhani natania.

Akanigeuza shingo kushoto, akanilaza haraka kichwa kikining'inia kidogo nje ya godoro. Akaniambia nifumbue macho kabisa, kwa sababu macho yanacheza yenyewe na hayo ndiyo yanayomwambia ni sikio gani. Mimi nikayafumba. Alisema mara mbili, "Fumbua, mama," kisha akaona aibu kunikemea, akaacha. Kushoto hakikutokea kitu. Alipopeleka kichwa kulia, chumba kikaondoka, nikamkamata koti kifungo kikakatika. Yeye akafurahi. Alisema hiyo ni dalili kwamba vijiwe vimeanza kusogea.

Nimerudi nyumbani kwa miguu nikipitia ukingoni mwa barabara ya Matai, mkono kwenye nyua za watu.

Alhamisi, 18 Januari

Manyunyu na ukungu. Nililala nimekaa, mito mitatu.

Ijumaa, 19 Januari

Ukungu. Nimelala kushoto, uso mlangoni. Hakuna.

Jumamosi, 20 Januari

Nimegeuka usingizini. Alfajiri nimeamka ukuta ukikimbia. "Nigeuze." Safari hii kwa sauti ya chini, bila kulalamika, kama alivyokuwa akisema siku alizojisikia nafuu.

Jumatano, 24 Januari

Mvua ya mawe saa tisa, imechana majani yote ya mahindi ya Fransiska. Ya kwangu yamepona nusu. Nilisimama dirishani nikamwona anaokota mahindi yaliyoanguka, peke yake, mkono mmoja kiunoni. Nilitaka kwenda, nikaogopa kuinama mbele yake nikayumba. Sikwenda.

Jumatano, 31 Januari

Tiba ya pili, kushoto tena. Tabibu hakucheka leo. Alinitazama kwa muda mrefu, akasema alifundishwa na daktari mmoja mzee kwamba wagonjwa wengi hupona mara ya kwanza au ya pili, kwa hiyo kama mimi sijapona kuna kitu yeye anakosea. Alisema "ninakosea" kwa unyenyekevu wa kweli. Nilitazama sakafu.

Jumanne, 6 Februari

Clemens amekuja kutoka Matai, anakofanya kazi, na pikipiki ya ofisi, amelowa mpaka soksi. Nani amempigia simu najua, ni shangazi yake. Ameniletea sukari na mafuta ya kupaka, akakaa kwenye kigoda cha baba yake, akaanza kuzungumza kwa ile sauti ya halmashauri. Mama hawezi kuishi peke yake na ugonjwa wa kuanguka. Chumba kipo Matai, umeme upo. Amepata mtu wa kulima shamba. Baada ya Misa ya mwaka atakuja na gari.

Nikamwambia si ugonjwa wa kuanguka, ni vijiwe. Akaniuliza, kama ni vijiwe, mbona tabibu ameshindwa?

Nikiondoka hapa nitalala kwenye kitanda kisicho na ukuta huu, na pengine kizunguzungu kitatulia. Hilo nimelifikiria. Halafu nimefikiria Leonardi anaita na chumbani hamna mtu kwa mara ya pili. Sitaki kuhama. Nina siku kumi na tano za kupona.

Jumatano, 7 Februari

Clemens ameondoka asubuhi. Mvua.

Alhamisi, 8 Februari

Mvua.

Jumatatu, 12 Februari

Nimelima ntumba. Nilijiambia kwamba nikimaliza mistari miwili ile ile, Clemens atakosa la kusema. Nilifunga kitambaa kichwani kwa nguvu, nikawa nachuchumaa badala ya kuinama. Mstari wa kwanza ulikwenda. Kwenye wa pili nilipindua gamba kubwa, kichwa kikafuata jembe upande wa kulia, na shamba lote likapinduka na mimi. Nilianguka kifudifudi juu ya tuta nililolitengeneza mwenyewe. Udongo uliingia mdomoni.

Sikuinuka mara moja. Nilikuwa naona nyumba kutoka pale chini, dirisha la chumbani, na kwa mara ya kwanza nikapima kwa macho. Ni hatua arobaini, labda pungufu. Mtu akiita kwa nguvu mle ndani, hapa atasikika. Mwaka mzima nimejiambia hakuniita tena, kwamba alilala, akaenda. Siku ile upepo ulikuwa unavuma kutoka bondeni, na mimi nilikuwa naimba. Nilikuwa naimba makusudi.

Jumatano, 14 Februari

Majivu. Padri aliponipaka niliomba asinisukume paji la uso. Akanipaka polepole sana.

Jumatano, 21 Februari

Mwaka umetimia. Misa ilisomwa asubuhi, halafu watu wakaja nyumbani. Kina mama wa jumuiya walipika ugali wa ulezi na maharage, wanaume wakakaa barazani na pombe ya ulezi, mvua ikawasogeza wote ndani mpaka sebule ikajaa mvuke wa makoti. Clemens alisimama kushukuru. Alisema baba hakufa kama mtu asiye na watu, alikufa mama ameshika mkono wake. Hilo la mkono ameliongeza yeye mwenyewe mwaka huu. Watu wakaitikia kwa kichwa. Nilihisi nyumba inazunguka na nilikuwa nimekaa wima, sijageuka popote.

Nilikwenda chumbani. Fransiska akanifuata, akafunga mlango. Hajaingia chumba hicho tangu tulipomtoa ndugu yake. Nilijua imefika, nikajipanga kumjibu. Nilikuwa na maneno yangu tayari ya tangu mwaka jana, kuhusu nani aliacha kuja kumgeuza, na lini.

Hakuketi. Aliutazama ukuta pale lipu ilipobanduka usawa wa kichwa cha Leonardi, akasema:

"Wifi, mimi siku ile nilimsikia."

Nikamuuliza, alimsikia vipi?

"Nilipita hapo nyuma na ndoo ya maji, kwenye saa tisa. Alikuwa anakuita. Luciana, Luciana. Nikasimama. Nikadhani upo humu ndani unamjibu polepole. Nikasema nikiingia utaona nakuchunguza. Nikaenda zangu."

Alisema kila akipita mlangoni kwangu anataka kuniambia, na kila akiniona mdomo unajifunga. Alidhani mimi ninajua kwamba alipita, kwamba niliziona nyayo zake kwenye tope, na ndiyo maana namjibu kwa ukali. Amelia kwa namna ya wanawake wa kwao, bila sauti, mabega tu yakitikisika. Alikuwa na ndoo ya lita ishirini kichwani siku ile, alisema, na alisimama nayo mpaka shingo ikauma.

Mimi ningeweza kumwambia ukweli wangu palepale. Nilimshika mkono tu, na sikusema. Nilimwacha mwanamke yule aamini kwamba kosa ni la kwake, maana nilikuwa nasikia jambo moja tu. Saa tisa. Mimi nilitoka saa nane. Saa nzima baadaye alikuwa bado ananiita.

Alhamisi, 22 Februari

Clemens alitaka tuondoke leo. Gari aliloagiza limekwama njiani kwa tope, akarudi kazini peke yake. Nimeomba Mungu anisamehe kwa furaha niliyoipata.

Ijumaa, 23 Februari

Nimekwenda kwa Fransiska kabla hajafungua mlango. Nilimkuta anapuliza moto. Nimemwambia yote, nikiwa nimesimama, kwa sababu nikikaa ningeanza kupamba. Nilimwambia kwamba aliniomba mara mbili kabla sijatoka, kwamba sikuwa ndani, kwamba nilikuwa naimba.

Aliuacha moto ukazimika. Kisha akaniuliza kama nimekunywa chai. Nikasema bado. Akauwasha tena.

Jumatatu, 26 Februari

Nimekwenda zahanati mwenyewe, bila kuitwa. Tabibu alikuwa ameandaa barua ya kunipeleka Mbeya kupigwa picha ya kichwa. Alianza kunieleza. Nikamkatiza.

"Mwanangu, ni kulia. Tangu siku ya kwanza ilikuwa kulia. Nilikudanganya."

Aliiweka kalamu chini. Nilidhani atakasirika, na ingekuwa haki yake. Aliniuliza kwa nini, nikamwambia kwamba upande huo alifia mume wangu na sikutaka kulazwa nikimtazama. Akasema pole, mama. Akaichana ile barua vipande viwili, akaitia kwenye kapu.

Kabla hajanigusa alinieleza kila hatua na muda wake, akaniomba jambo moja, nifumbue macho. Nikafumbua.

Shingo kulia. Akanilaza haraka, kichwa kikining'inia. Moja, mbili, tatu. Dari la zahanati likaondoka kwa kasi ambayo sijapata kuiona, na safari hii sikuwa na mahali pa kujificha. Alikuwa ananiambia macho yanacheza, yanacheza vizuri, vumilia, ni sikio lenyewe. Mimi nilikuwa nasikia "Nigeuze, Luciana, nigeuze," na sikuziba masikio. Nilisikiliza kama nilivyotakiwa kusikiliza siku ile. Mzunguko ukapungua, dari likayumba, likatulia. Sauti nayo ikaisha. Tabibu alisubiri hata baada ya hapo, akihesabu kwa midomo.

Akapeleka kichwa kushoto. Tukasubiri. Kisha akasema sasa mwili wote, mama, ulalie bega la kushoto, pua itazame sakafu. Akaweka kiganja kimoja nyuma ya kichwa changu, kingine begani, akanigeuza taratibu, bila pupa. Mikono yake ni laini, haijashika jembe miaka mingi. Mimi ndiye niliyezoea kugeuza watu. Sikuwa najua kwamba mtu anayegeuzwa huogopa kiasi kile, na kwamba ule mkono wa nyuma ya kichwa ndio pekee anaokuwa nao duniani kwa wakati huo.

Nililia nikitazama sakafu. Alidhani ni kichefuchefu, akaniletea bakuli.

Jumanne, 27 Februari

Hakuna.

Jumatano, 28 Februari

Kidogo, asubuhi, kama kuyumba kwa ngazi. Sekunde tano. Kwenye safu ya tabibu nimeandika "kulia".

Jumapili, 3 Machi

Jana tabibu amenirudia mara moja zaidi, upande uleule, kwa uhakika. Leo nimepokea komunyo nimeinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua. Mzee Benjamini alikuwa ameniandalia bega lake, sikulihitaji.

Jumanne, 5 Machi

Ntumba, mistari mitatu. Fransiska alikuja na jembe lake. Mgongo wake haumruhusu kupindua, kwa hiyo anakata, mimi napindua. Saa tisa ilipofika wote wawili tulisimamisha majembe, na sidhani kama yeyote alipanga.

Jumanne, 12 Machi

Nimelala ukutani. Nimegeuka kulia kwa hiari yangu, nikahesabu mpaka mia moja. Ukuta ni ukuta. Nikajigeuza kushoto, nikarudi kulia haraka, kama mtu anayetikisa mlango uliofungwa. Hakuna kitu. Tabibu angefurahi. Mimi nimelala nikiutazama mpaka kukapambazuka, nikimsubiri. Nimemkumbuka kuliko siku aliyokufa. Ilikuwa sauti ya kunilaumu, lakini ilikuwa sauti yake, na nimeitibu.

Jumamosi, 16 Machi

Mvua zinapungua. Simu ya Clemens: anakuja Ijumaa Kuu, tuzungumze vizuri habari ya kuhama.

Ijumaa, 29 Machi

Amekuja. Baada ya Njia ya Msalaba nilimtembeza shambani aone ntumba, nikainama na kuinuka mbele yake mara sita, nikatazama juu, nikazungusha shingo. Akacheka, akasema basi, mama, nimekubali, kaa kwako. Alikuwa amefurahi kweli. Hapo ndipo ningeweza kunyamaza. Nilikuwa nimekwisha kupata nilichokuwa natafuta.

Lakini akasema kwamba baba huko aliko anatulia, maana mama hakumwacha hata dakika moja.

Nikamwambia. Nilimwonyesha mstari niliokuwa nalima na dirisha. Nilimwambia saa niliyotoka na saa niliyorudi, na kwamba shangazi yake alisikia anaita. Nilimwambia habari ya kuimba. Sikusema kwamba nilikuwa nimechoka, ingawa nilikuwa nimechoka, kwa sababu angelikamata hilo anisamehe haraka na tusingefika popote.

Alilitazama dirisha. Alitembea mpaka pale, akagusa ukuta kwa nje, akarudi akihesabu hatua. Alihesabu thelathini na sita. Akavaa koti, akawasha pikipiki. Chakula cha kufungulia hakukigusa.

Jumapili, 31 Machi

Pasaka. Nimepiga simu mara mbili. Haipokelewi.

Jumatano, 3 Aprili

Kichwa kimetulia. Simu imetulia.

Jumatatu, 8 Aprili

Nimempelekea tabibu kurasa zake za mbele. Amesoma safu zote, akasema nimepona, sina haja ya kuendelea kuandika. Ana mgonjwa mwingine, bibi mmoja anayelala kwenye kiti kwa kuogopa kitanda, na hataki kuguswa na kijana wa kiume. Ameniuliza kama ningekubali kumshika kichwa wakati yeye anamwelekeza. Nimekubali.

Alhamisi, 11 Aprili

Bibi amefumba macho. Nimemwambia afumbue, akafumbua. Ni kushoto kwake, kweli kushoto.

Jumamosi, 20 Aprili

Hakuna mvua siku ya nne. Upepo wa baridi umeanza.

Saa nne asubuhi, nikianika maharage, simu imeingiza meseji ya Clemens, ya kwanza tangu Ijumaa Kuu. Haina shikamoo. Imeandikwa, "Mama, shangazi alisikia baba anamwita nani?"

Nilikaa kwenye kizingiti na ile simu. Najua anachokitafuta. Yeye ni mtoto wetu wa pekee, na siku ile alikuwa Matai kwenye kikao. Ningeweza kumwandikia kwamba baba alimtaja. Fransiska angekubali kusema hivyohivyo, nikimwomba. Clemens angelala nalo maisha yake yote na lingemtosha, na pengine angenipigia leo hii.

Nimeandika, "Mimi. Mimi tu." Nimeituma, nimerudi kugeuza maharage.